Ainisho la Awali la Vifaa vya Gemu Vinavyodaiwa Kufanya Kazi

Fani ya kukusanya vifaa vya gemu haina nadharia, na ukosefu huo umewagharimu watu wengi. Mtu anaona tangazo la upanga, helmeti au kompyuta ya mkononi iliyotoka kwenye gemu iliyomkosesha usingizi, anasoma maneno mawili tu, "inafanya kazi", na hapo hapo namba za kadi ya benki zinaanza kuandikwa. Haulizi kazi gani. Haulizi kwa betri za aina gani. Haulizi kazi hiyo itadumu hadi lini, na hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kama tutakavyothibitisha kwa ushahidi usiopingika na mwingine unaopingika kidogo.

Kwanza mipaka ya utafiti. Kwa madhumuni ya makala haya, kifaa kinachofanya kazi ni kile kilichotimiza masharti matatu: kiwe kimezaliwa ndani ya gemu, kiwe na ukubwa ule ule ambao mhusika wa gemu angekibeba, na muuzaji awe amedai hadharani kwamba kinafanya jambo fulani zaidi ya kukaa. Sanamu hazimo, hata zile zinazouzwa kwa bei ya bodaboda iliyotumika. Fulana hazimo. Vishikio vya funguo viliomba kuingizwa vikakataliwa.

Kila ainisho linahitaji kielelezo, yaani kiumbe mmoja anayehifadhiwa kabatini ili wengine walinganishwe naye. Kielelezo chetu ni Pip-Boy. Katika gemu za Fallout, zilizoanza mwaka 1997 chini ya kampuni ya Interplay, dunia inateketea kwa mabomu ya nyuklia mwaka 2077, na walionusurika kwenye mahandaki huvaa mkono wa kushoto kompyuta nene yenye kioo cha kijani. Ndiyo Pip-Boy hiyo. Ndani ya gemu haikosi inalolifanya: inaonyesha ramani, majeraha, risasi zilizobaki na uzito wa takataka zote alizookota mchezaji, inapiga redio, inamulika njia, inapima mionzi. Ni tabibu, karani wa stoo na fundi mitambo kwa mshahara mmoja. Anayetangaza kwamba ametengeneza nakala yake inayofanya kazi amejiingiza kwenye deni zito, na namna wadaiwa mbalimbali walivyolilipa ndiyo historia yenyewe ya fani hii.

Mdaiwa wa kwanza alilipa senti. Mwaka 2008, kampuni ya Bethesda, iliyozichukua gemu hizo, ilipotoa Fallout 3, duka la Amazon la Marekani liliuza toleo maalumu lenye Pip-Boy 3000 ya kuweka mezani. Kazi yake ilikuwa kuonyesha saa. Katika kazi zote za mtambo uliovuka maangamizi ya nyuklia, ilichaguliwa ile inayofanywa na saa ya ukutani ya kinyozi. Wakosoaji walicheka, na haki yao. Lakini mwanazuoni makini anaandika pembeni ya daftari: kazi hii haihitaji intaneti, haihitaji kusasishwa, na haitegemei kampuni yoyote kuendelea kuwapo. Tutairudia.

Mdaiwa wa pili alijaribu kulipa kwa fedha za mteja. Juni 2015 huko Los Angeles, Todd Howard wa Bethesda alipanda jukwaani akaionyesha Pip-Boy itakayouzwa pamoja na Fallout 4, akakiri mwenyewe kwamba ni kiroja, ila ni kiroja kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona. Ilikuwa gamba la plastiki la kuvaa mkononi, lenye nafasi ya kuchomeka simu. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vya sponji vilivyokatwa kwa vipimo vya simu mbalimbali; unachagua sponji yako, unalaza simu, unafungua programu ya bure, na kioo cha simu kinageuka kioo cha Pip-Boy chenye maandishi ya kijani, kikiwasiliana na gemu kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Toleo hilo liliuzwa kwa dola 119.99 pamoja na gemu. Likaisha madukani kabla gemu haijatoka tarehe 10 Novemba, na kampuni ikaeleza kwamba viwanda haviwezi kutengeneza zaidi.

Hapa tukae kidogo, maana kuna utajiri. Tatizo la kwanza lilikuwa simu. Wakati Pip-Boy hii inatangazwa, tayari iPhone 6 Plus ya inchi 5.5 ilikuwa sokoni, na haikuenea. Simu za miaka iliyofuata zikaendelea kunenepa hadi nafasi ile ikabaki na ukubwa ambao hakuna kiwanda kinachoutengenezea tena simu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa aliyeazimisha ni mteja mwenyewe, aliyeazimwa ni kifaa alichokinunua, na anayebaki wazi ni wote wawili.

Tatizo la pili ni zuri zaidi, kwa sababu lilijitokeza pale kifaa kilipofanya kazi barabara. Ndani ya gemu, mhusika akiitazama Pip-Boy yake dunia yote inasimama. Zimwi lililokuwa likirukia koo linaning'inia hewani kwa adabu mpaka mchezaji amalize kuchagua dawa. Lakini Pip-Boy ya kweli, ile ya plastiki na simu, haisimamishi chochote. Mchezaji anaachia padi kwa mkono mmoja, anageuza kiwiko, anatafuta dawa kwa kidole kwenye kioo, na akiinua macho anakuta amekwisha kuliwa. Nakala ilikuwa imetimiza ahadi yake kikamilifu, na utimilifu huo ulimfanya mtu acheze vibaya kuliko asiyekuwa nayo.

Tatizo la tatu ni vitufe. Nakala ile ilikuwa na vitufe vya kuzungusha vilivyozunguka na vya kubonyeza vilivyobonyea, na vyote havikuunganishwa na kitu. Simu haikuwa na habari navyo. Sasa jambo la kustaajabisha, ambalo ndilo kiini cha makala haya: hakuna sehemu ya kifaa hicho iliyopapaswa zaidi ya vitufe hivyo visivyofanya kitu.

Mdaiwa wa tatu alikuja kutoka Uingereza. The Wand Company ni mafundi walioanza na fimbo ya kichawi ambayo kwa kweli ni rimoti: unaipunga kulia, sauti ya televisheni inapanda. Mwaka 2018 walitoa Pip-Boy 2000 Mk VI, ile ya Fallout 76, kama kifurushi cha vipande ambavyo mteja anaviunga mwenyewe kwa bisibisi. Ikishaungwa inapokea simu kwa Bluetooth, inamulika, na inanasa redio ya FM. Hii redio ni ya kweli, na kwa hiyo haina habari na mwisho wa dunia. Mwenye nayo Mombasa atazungusha kitufe akitarajia kishindo cha majivu ya nyuklia, akutane na taarabu na matangazo ya sabuni. Kisha, baada ya tamthilia ya Fallout iliyoonyeshwa na Amazon kuanzia Aprili 2024, kikaja kizazi kingine, chenye kioo chake chenyewe, kisichomwomba mteja simu.

Ukivipanga vizazi hivi mstari mmoja unaona kanuni. Kazi ya nakala haitokani na gemu. Inatokana na kilichokuwa mifukoni na mezani mwa watu mwaka ule. Mwaka 2008 kulikuwa na saa za mezani, basi Pip-Boy ikawa saa. Mwaka 2015 kila mtu ana simu, basi ikawa kifuko cha simu. Mwaka 2018 Bluetooth imekuwa ya bei ya karanga, basi ikawa na Bluetooth. Kwa mantiki hiyo si vigumu kubashiri kwamba Pip-Boy ya mwaka 2035 itajibu maswali kwa sauti na kukosea.

Tukitoka kwenye kielelezo, ulimwengu uliobaki unagawanyika katika makundi yasiyolingana hata kidogo.

Kundi kubwa kabisa ni la Vimulimuli. Hivi kazi yake ni kuwaka. Wasomi wakali wanakataa kuita hiyo kazi, lakini ukiwafuata hao kabati litabaki tupu. Humu yumo mkataji wa plazima aliyekuja na Dead Space 2 mwaka 2011: ndani ya gemu anakata mawe na viungo vya maiti zilizofufuka, nje ya gemu ana taa ndogo za buluu. Kimulimuli wa daraja la juu ni Poké Ball (mpira wa kunasia wanyama wa gemu za Pokémon) ya chuma ya hao hao The Wand Company, iliyotoka mwaka 2021 Pokémon ilipotimiza miaka 25. Mkono ukiikaribia, kitufe chake huwaka chenyewe. Ni nzito, imeviringika, inang'aa, na haifunguki. Mpira ambao maana yake yote ni kufunguka umetengenezwa ili usifunguke, na wanunuzi wameridhika, kwa sababu mpira unaofunguka ungeonyesha mstari wa kuungia, na zaidi ya hapo ungeonyesha kwamba ndani hamna mnyama.

Kundi la pili ni la Waliong'olewa Meno. Kazi yao ya asili ni kuua, na sheria za nchi zina msimamo kuhusu jambo hilo. Upanga wa siri wa Assassin's Creed huchomoka chini ya kiganja. Katika gemu ya kwanza, ya 2007, mhusika mkuu Altaïr alikosa kidole cha pete ili upanga upate njia. Nakala zake za plastiki huchomoka vizuri na kurudi vizuri, na mteja anaruhusiwa kubaki na vidole vyote. Ndugu yake ni RC-XD, kigari cha rimoti kilichouzwa mwaka 2010 na toleo kubwa la Call of Duty: Black Ops. Kwenye gemu unakiongoza hadi miguuni mwa adui kisha unakilipua. Kilichofika majumbani kilikuwa na magurudumu ya kweli, kamera ya kweli na kioo cha kutazamia kwenye rimoti, kila kitu isipokuwa baruti. Kwa hiyo kinafika miguuni mwa shangazi, kinasimama, kinamtazama.

Kundi la tatu ni la Wachapakazi; ni wachache, na ndio wanaotia wasiwasi. Toleo la Prestige la Modern Warfare 2, mwaka 2009, liliuzwa dola 149.99 likiwa na miwani ya kuonea gizani, pamoja na kichwa cha kuitundikia. Miwani hiyo ilionea gizani. Taa zake za infraredi zilimulika chumba bila jicho tupu kutambua, na aliyevaa aliona kitanda, kabati na mlango kama vilivyo. Hapo ndipo tatizo la Wachapakazi linapojulikana: askari wa gemu huvaa miwani kwa sababu kuna mtu gizani anayetaka kumuua, na nyumba nyingi hazina huduma hiyo. Kifaa kinafanya kazi, kazi ndiyo haipo. Yumo pia Poké Ball Plus ya Nintendo ya mwaka 2018, ambayo ni padi ya kuchezea na papo hapo ni chombo cha kumbebea Pokémon mmoja kutoka kwenye gemu. Inatetemeka, inatoa sauti yake, na ilikuja na Pokémon aitwaye Mew ndani. Hiyo inakaribia ukamilifu, na ajabu ni kwamba ni ya plastiki nyepesi, wenye Poké Ball ya chuma wakaidharau.

Dharau hiyo inatupeleka kwenye suala la mwonekano wa kwanza, ambalo wengi hulichukulia kama jambo la sekunde moja. Lina hatua, na mpangilio wake haubadiliki.

Hatua ya kwanza ni uzito. Boksi halijafunguliwa na tayari limepimwa kwa kurushwa kidogo juu ya kiganja. Uzito huchukuliwa kuwa ukweli. Hakuna aliyewahi kushika Pip-Boy ya asili, kwa kuwa haipo, lakini kila mnunuzi anajua kwa yakini kwamba ilikuwa nzito kuliko hii. Watengenezaji wameligundua hilo, na ndiyo maana chuma cha kumiminwa kinatajwa kwenye matangazo kabla ya kazi yenyewe.

Hatua ya harufu tuipite. Ni harufu ya plastiki mpya, na walioipenda hawajitetei.

Hatua ya tatu ni kitufe, na hapa utafiti wetu unatangaza Kanuni ya Kidole Gumba. Akipewa kifaa chenye kazi kumi, mtu ataanza na kitufe kinachotoa mlio kikibonyezwa, ataurudia mlio huo mpaka walio chumbani waombe amani, na ndipo atakapouliza kifaa kinafanya nini. Mlio ukiwa mkavu na wenye mkazo, kifaa kimesifiwa kabla ya kuwashwa. Kitufe kikilegea, hata kama nyuma yake kuna setilaiti, mnunuzi anasema maneno mafupi na kulirudisha boksi kama lilivyokuwa. Kila mahali palipoandikwa kwamba kitufe fulani ni "cha pambo tu", mkono ulishafika kabla ya macho kusoma.

Hatua ya nne ni betri. Hazimo. Kifuniko chake kina skrubu moja ndogo, na nyumba nzima ina bisibisi kubwa. Hapa mwonekano wa kwanza husimamishwa hadi kesho yake, na baadhi ya vifaa havivuki hatua hii maishani.

Hatua ya tano ni shahidi. Kifaa kinachofanya kazi hakijafanya kazi mpaka mtu mwingine aone. Mashahidi ni wa aina mbili. Mtoto huuliza, "Naweza kushika?" na jibu ni hapana, ingawa maneno ya adabu hutafutwa. Mtu mzima huuliza, "Kina faida gani?" na hapo ndipo orodha ya kazi inapotolewa mfukoni: kina tochi, kina redio, kinapokea simu. Angalieni vizuri mahali orodha hiyo ilipotokea. Mnunuzi hakuihitaji alipokuwa peke yake. Tochi anayo kwenye simu, redio anayo kwenye simu, na simu anayo. Kazi za nakala ni maneno ya kumjibu mke, mume, mama au mwenzake wa chumba. Zimebuniwa na mafundi stadi wa elektroniki ili zitamkwe mara moja, kwa sauti ya kujiamini kiasi, mlangoni.

Ndiyo maana kufa kwa kazi hakuwaumizi wenye vifaa kama ambavyo tungetarajia. Gamba la 2015 leo halipati simu ya kulienea, na programu yake ni ya gemu iliyotoka enzi za simu hizo ndogo. Hata hivyo watu wanalinunua likiwa limetumika, wanalivaa, wanazungusha vile vitufe visivyounganishwa na kitu. Saa ya 2008, ile iliyochekwa, ikipewa betri inasema saa ngapi. Kadiri mtengenezaji anavyoongeza kazi zinazotegemea vitu vya nje, kama simu, programu au mtandao, ndivyo anavyokipunguzia kifaa umri. Kitufe, bawaba na taa ndogo vinaendelea bila kumuuliza mtu.

Kuna hoja inayotupinga, nayo ni haki ibainishwe. Wapo wanunuzi wanaosoma orodha neno kwa neno na kuhesabu. Mwaka 2018 toleo la Power Armor la Fallout 76, la dola 200, lilikuja na helmeti ya kuvaliwa yenye kibadilisha sauti. Ilikuwa kubwa, inawaka, inanguruma. Hakuna anayeizungumzia. Kinachozungumzwa hadi leo ni begi: tangazo lilisema turubai, ikaja nailoni nyembamba, zogo likawa kubwa hadi kampuni ikakubali kutengeneza mabegi ya turubai na kuwapelekea waliodai. Begi ndicho kitu pekee katika boksi lile ambacho kingefanya kazi ya kila siku, na ndicho kilichofanyiwa hesabu ya kila siku. Mwaka uliofuata, Septemba, mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa helmeti nyingine ya Fallout, ya rangi za Nuka-Cola, soda ya kubuni ya gemu hizo, kwa sababu kitambaa cha ndani kingeweza kuwa na kuvu. Kitaalamu hiyo ndiyo nakala iliyokaribia zaidi uhalisia wa dunia iliyoharibika. Wateja hawakuliona hivyo.

Kimebaki kiumbe mmoja asiyeingia kundi lolote. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, ya mwaka 1998, inamkabidhi mchezaji okarina, ala ndogo ya kupuliza, anayoipiga kwa vitufe vitano vya padi. Kwa wimbo mmoja mvua inanyesha, kwa mwingine farasi anakuja, kwa mwingine usiku unageuka mchana. Mafundi kama STL Ocarina wa St. Louis, Marekani, wameifinyanga kwa udongo ikiwa na matundu 12, na nyimbo zote za gemu zinapigika. Haina betri, haina programu, haina kitufe. Inafanya kazi ile ile inayofanya kwenye gemu, ukiondoa suala la farasi.

Kwa vigezo vyetu vyote ndiyo bora, na kwa mwonekano wa kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Mnunuzi anaitoa kwenye boksi, anaweka vidole anapodhani ni mahali pake, anapuliza, na inatoka sauti ya birika linalolalamika. Kifaa hakina kasoro. Mhusika wa gemu alijua kupiga kwa sababu vilitosha vitufe vitano vya padi, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikitoa kila noti. Mnunuzi ana matundu 12 na jirani. Tumependekeza kundi jipya kwa ajili yake, Wanaodai Mazoezi, lakini wakusanyaji tuliowaeleza wazo hilo walinyamaza kidogo, wakauliza kama kuna toleo la chuma lenye taa.